Moyo Uliotulia

Siku hizi bunduki ya nyumbani haifyatuki moyo wa aliyeishika ukichemka, maana Kanisa linaruhusu kujilinda, si kulipiza kisasi. Tangu jambazi amuue mumewe, Skolastika alikuwa akishindwa kila mwaka mtihani wa kumiliki bunduki: akitaja jina la muuaji, mshale wa kipimo kilichomo kwenye kitako, unaosoma kila mtikisiko wa moyo, uwe wa chuki au wa upendo, uliruka.

Leo alilitaja. Mshale ukalala.

“Umesamehe, mama,” alisema katekista Sosteni, akigonga muhuri kwenye cheti cha bunduki. “Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele na milele, amina.”

Katekista alipoondoka, Skolastika aliishika tena bunduki, akalitaja jina la marehemu mumewe. Mshale haukutikisika. Jikoni binti yake, Yudita, alikuwa akiimba. Akalitaja na jina la binti huyo.

Mshale ulilala vilevile. Akaenda kumsaidia kuchambua mchele.