Hata Wembe Haupenyi

Moto ulipoparamia kilima, fundi mwashi alikuwa ndani na mkewe, salama kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe: kuta nene za udongo, vidirisha visivyopitisha hata paka, mlango wa chuma.

"Hapa hata wembe haupenyi," alizoea kujigamba.

"Umejijengea kaburi, kaka," mdogo wake wa nyumba ya nyasi alikuwa akimcheka.

Sasa mdogo wake alikuwa nje, anagonga.

"Kaka, fungua!"

Komeo lilitoka bila shida, lakini mlango haukusogea. Chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto, kikabana fremu pande zote.

"Vuta!" mkewe alilia.

Alivuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye mpini.

Kugonga kukapungua. Sauti ikaja kutoka chini, karibu na kizingiti.

"Kwa hiyo, kaka... hata wembe?"