Kucha ya Kidole Gumba

Miaka hiyo kila mfiwa alipewa chupa moja ya rangi ya kucha ya jeli iliyohifadhi sauti ya marehemu wake. Ukishapakwa, unagusisha kucha sikioni, unamsikia. Rangi ikitoka, basi. Chupa ya pili hakuna.

Bi. Sikudhani alipakwa ya binti yake, Tunu, aliyefariki kwa homa. Akaitunza kama roho yake. Alifua na kuosha vyombo kwa glavu, akapaka kucha mafuta asubuhi na jioni, na hakuthubutu kufungua kopo kwa ncha za vidole. Wenzake rangi ziliwabanduka wiki ya pili. Yeye alifika mwezi wa tano. Hata hivyo sauti ilizidi kufifia, ikabaki kwenye kidole gumba kimoja tu. Akarudi saluni kwa Asteria, aliyempaka.

Asteria aliikagua kucha chini ya taa. "Shangazi, haijabanduka hata chembe. Sijaona mtu aliyetunza hivi."

"Sasa mbona simsikii vizuri?"

"Kucha inaota, shangazi. Inamsogeza mbele, mbali na nyama. Rangi naweza kuizuia isitoke. Kucha siwezi kuizuia isiote."

Bi. Sikudhani aligusisha gumba sikioni, akafumba macho.

"Mama, umekula?" Tunu aliuliza, kwa mbali sana.

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba," akajibu kwa sauti, na saluni nzima ikageuka kumtazama.

Tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni.