Upanga wa Jimmy

Upanga ulifika umeviringishwa katika pazia la watu, na pazia lilikuwa na damu.

Jimmy aliutupa juu ya meza ya kazi, uani kwa Rachidi, pale Buyenzi, mchana kweupe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Guruneti, alisema. Alilifungua pazia kwa mkono uliobaki.

"Fundi, nataka hii ikate."

Rachidi aliutazama. Ulikuwa upanga wa kutundika ukutani, mapambo ya bei rahisi ambayo wenye majumba ya Kinindo huyaweka sebuleni. Mng'aro mwingi, kichwa cha simba mwisho wa kipini, na makali ya kushindwa na sabuni.

"Hii ni pambo tu, Jimmy."

"Ndiyo maana nimekuletea we. Na kipini ufanye ya mukono wa kushoto. Kidogo, isijaze mukono." Aligeuka akaitazama nyumba, mlango kwa mlango. "Na usinichezee."

"Apana. Nitakufanyia muzuri."

Miaka ile ya vita mji ulikuwa ukifungwa kwa mawe barabarani, na vijana walimfuata Jimmy kwa sababu mtu wa Jimmy hakuguswa. Rachidi alimjua zaidi ya hapo. Astère, fundi mwenzake wa gereji kule Zone Industrielle, penye viwanda, mtu aliyegawana naye mkate kila mchana, alishushwa kwenye basi mbele ya macho yake. Jimmy alimkata shingoni, akamkata tena akiwa amekwisha kufa, halafu akafuta panga kwenye shati la marehemu. Rachidi alikuwa amelazwa chini pamoja na abiria wengine, na aliona yote. Hakumwambia mtu, si mkewe Asiya, si mwanawe Hamimu. Jina la Jimmy halikutajwa ovyo. Alilimeza, likakaa tumboni likimla.

Sasa Jimmy kajileta mwenyewe.

Alipoondoka, Rachidi alifungua skrubu ya kichwa cha simba, akavuta kipini, akacheka peke yake. Bapa lile pana halikuingia kwenye kipini hata kidogo. Liliungwa na kijiti cha chuma, chembamba kama msumari, kwa tone moja tu la kuchomelea. Fundi mwenye nia njema angekikata kijiti kile akachomelea mkia mpya wa jani la springi ya lori. Rachidi alichukua tupa. Alikwangua pale pale penye tone, taratibu, mpaka kikabaki chuma cha kushika bapa, si cha kuhimili pigo. Akapaka rangi nyeusi.

Mengine yote aliyafanya kwa ustadi aliojaliwa na Mungu. Aliunoa upanga ukanyoa nywele za mkono wake. Alichonga kipini kipya cha mti mgumu, chembamba kama alivyoambiwa, akakitilia kijia cha kulaza kidole gumba cha kushoto, akakizungushia ngozi. Mgomba ungekatwa. Lakini siku chuma kitakapokutana na chuma, Jimmy angebaki na kipini mbele ya adui zake. Rachidi alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

"Siku hizi unanolea wauaji, baba Hamimu?" Asiya alimwuliza, akiweka sinia ya bugali na ndagala.

"Nyamaza, mama. Tule."

Hamimu alinyoosha mkono. Rachidi akampiga kofi kwenye kiganja.

"Na kulia! Mwanaume wa ndevu, bado unakula na kushoto?"

Hamimu alicheka, akabadilisha mkono kama alivyobadilishwa tangu utotoni. Macho yake yalikuwa kwenye upanga uliosimamishwa ukutani.

"Papa, iko na nguvu?"

"Iko."

"Mutu anaweza kuiamini?"

"Aiamini tu," Rachidi alisema, akameza tonge.

Jimmy alipokuja kuuchukua, vidole vyake vinene vilipandana kwenye kipini. Rachidi aliingiwa na hofu kwamba ataambiwa akifungue tena, siri ionekane. Jimmy aliitikia kwa kichwa.

"Ni sawa kabisa. Mersi, fundi."

Haikupita wiki. Asubuhi moja, Hamimu ameshatoka kwenda kazini, makelele na milio ya mapanga ilisikika kutoka barabara ya mtoni. Ikanyamaza. Jirani yao Uthmani akaingia uani anahema.

"Kundi la Jimmy wamelivamia! Mumoja upanga umemuvunjikia mukononi. Wamemukata kama nyama ya sokoni!"

"Alhamdulillahi!" Rachidi alisema kwa sauti, na Uthmani akamkodolea macho.

Alikimbia. Njia nzima aliomba maiti isifunikwe kabla hajaiona. Alitaka kumwona Jimmy amelala kama alivyolala Astère, shati limelowa, mdomo umejaa vumbi. Alipita sikio la mtu barabarani, akapita damu iliyokuwa ikitiririka kuelekea mtaroni, na hakuna kilichomgusa. Bapa aliliona kwanza, linang'aa katika matope. Akasukuma watu, akamkuta Jimmy.

Jimmy alikuwa amesimama, mzima, bendeji yake ingali shingoni, analia bila kujificha. Miguuni pake kijana alilala kifudifudi, mgongo umefumuliwa. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umekamata kipini, kidole gumba kimelala sawasawa ndani ya kijia chake.

"Pole, fundi," Jimmy alisema. "Mi nilimwambia tupeleke kwa fundi mwingine, we usijue. Alikataa. Alisema kazi ya papa yake haiwezi kuvunjika."