Bunduki ya Uani kwa Mzee Faraji

Mlio mmoja tu, mkavu kama ukuni unaovunjwa gotini, na Apolinari akajua kunguru mwingine kaanguka uani kwa Mzee Faraji. Hakuinuka kuhakikisha. Uani mle risasi haikuwahi kupotea.

Wali ulikuwa mezani, umefunikwa kawa. Mkewe, Felicitas, alishaaga: "Baba Marietha, naenda kuangalia vifaranga." Kuku walikuwa wa ubia, wake na wa mzee, na walifugwa ng'ambo ya ukuta kwa sababu kule uwanja ni mkubwa. Kunguru wa Toangoma nao wanavyopenda vifaranga, hawangoji kukaribishwa.

Ila mwanamke gani anarudi kwa kuku anacheka peke yake, mikono inanuka mafuta ya cherehani? Kwao cherehani haikuwepo.

Wivu ukamkaa mtu mzima kama mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki. Anaibiwa mke, na mwizi yuko hatua ishirini.

Mzee Faraji alikuwa mgane wa miaka sabini na kitu, baraghashia safi, maneno laini. Bunduki ile aliachiwa na tajiri wa mkonge aliyemlindia shamba enzi za ujana. Ya risasi ndogo, nyembamba kama kipisi cha penseli. Ukishapiga, unavuta mkono wa mbao ulio chini ya mtutu na kuurudisha, kra-chak, nyingine imepanda. Watu walikuwa wakimwita Mzee Shabaha.

Apolinari naye alikuwa mwanajeshi mstaafu, miaka kumi na minane kambini. Kwamba yote aliimalizia jikoni, hilo halimhusu mtu. Aliwahi kuiomba bunduki ile aonyeshe ujeshi. Kunguru alibaki akimtazama, tangi la maji la mzee likatoboka. Tangu siku hiyo akapiga marufuku habari za bunduki nyumbani kwake.

Alijaribu kuwafumania. Mlio ukilia, anachomoka mbio mpaka getini. Lakini mtu aliyelelewa na masista haingii uani kwa watu kama mbuzi. Hodi. Kimya. Hodi. Kicheko cha chinichini. Ya tatu ndiyo inajibiwa: "Karibu, jirani."

Akiingia anamkuta mzee kigodani, bunduki mapajani, anaifuta na kupapasa skrubu moja moja kwa kidole. Felicitas kainamia ungo, anapepeta pumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhesabu kunguru au wake?"

"Nimekuja kusalimia tu."

"Salamu za kukimbiliwa hivyo, utapasuka pafu."

Siku moja, sikio kaliegesha ukutani, akasikia tik, pasi na mlio. Akarudi zake na furaha, na jioni akala kwa raha. "Leo imemgomea babu yako."

"Risasi zile zinagongwa ukingoni," Felicitas akajibu, anamwongezea mchuzi. "Ikigoma unaichomoa, unaigeuza, inagongwa upande wa pili. Inalia."

Tonge likasimama hewani. "Nani kakufundisha?"

"Si nashindaga palepale?"

Kumbe wameshafikia kufundishana. Usingizi ukamhama.

Kesho yake alikwenda kumpa mzee mkono, amtazame vizuri mtu anayemwibia. Mkono wa mzee ukapita pembeni, ukashika hewa. Apolinari akautikisa wake mbele ya uso wake. Mzee hakupepesa hata ukope.

Hapo ndipo alipoelewa, au alidhani kaelewa. Mtu haoni mkono, anaona kunguru? Hiyo ni dawa. Na dawa inayoangusha kunguru juu ya mti haishindwi kumwangusha mke wa mtu.

Akaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Herieth, ambaye mikutano yake hakuhudhuriaga hata mmoja, eti hawezi kuongozwa na kanga. Ndani aliandika kwamba silaha iko kwa kipofu, na kipofu huyo anyang'anywe kabla hajaua mtu.

Bi Herieth alisoma, akaikunja, akakohoa kidogo. "Una hakika unataka lifike polisi, Baba Marietha?"

"Lifike hata Ikulu."

Alhamisi, baada ya alasiri, afande wa silaha akaja na daftari lake la wenye vibali vya bunduki. Safari hii hodi ilipigwa na serikali, na ikajibiwa mara moja. Mzee alikuwa kigodani. Felicitas alikuwa na ungo wake.

"Mzee, hivi ni vidole vingapi?"

"Vya nani?"

Apolinari alicheka mpaka akashika ukuta. "Mnaona wenyewe. Haoni, na bado hakosi. Muulizeni anatumia nini. Na Mama Marietha, shuhuda, yuko hapo, aseme."

Felicitas aliendelea kupepeta. Afande alifungua daftari, akasoma, akamtazama Apolinari, akasoma tena. Bi Herieth ghafla akawa na shughuli ya kuangalia kuku.

"Kutoona si kosa," afande alisema. "Malalamiko yanasema mwenye bunduki hafai kulenga. Haya, tukague. Mwenye bunduki asogee."

Mzee Faraji hakutikisika kigodani. Aliinyoosha tu bunduki mbele, kitako kwanza.

Felicitas akaweka ungo chini, akakung'uta pumba mikononi, akaipokea. Kra-chak. Ukingoni mwa shimo la mchanga nyuma ya banda alikuwa ametua kunguru, anachungulia vifaranga. Mama Marietha akafumba jicho moja.

Mlio mkavu ukapita.

"Jirani," Mzee Faraji aliuliza kwa upole, "wewe mwenye macho, hebu niambie. Kampata?"