Mama Bata Achunguza Chakula cha Bundi

Mama Bata aliwafundisha wanawe nyumbani, na somo la wiki ile lilikuwa Bundi, jirani yao wa juu ya mti. Kila asubuhi walipasua vidonge vya manyoya na mifupa alivyotema, wajue amekula nini.

Buku, panya mkubwa, akaja na majirani walioshika mawe.

"Mama Bata, mama gani wewe, unawafundisha watoto mkosi? Huyo ndiye anayekula mayai yako yanayopotea. Leo tunamuua pamoja na watoto wake."

Mama Bata aliwauliza wanawe, "Kwenye vidonge mmeona maganda ya mayai?"

"Hata kipande, mama. Tumeona meno tu. Ya manjano, kama ya Mjomba Buku, ila madogo."

Mama Bata akamgeukia Buku. "Kumbe anakula wenzako! Unataka kumuua mwenzangu na wanawe ili wewe uniibie mayai kwa raha? Haya, wanangu, somo la Bundi tumemaliza. Sasa tukachunguze shimo la Buku."

Buku hakungoja. Alihama mchana uleule, akaacha shimo limejaa maganda ya mayai.

Nasi je, tumewapiga mawe bundi wangapi kwa maneno ya panya?