Pole ya Kizungu

Mama Chausiku wa nyumba ya pili anasema Siwema alimpiga mtoto wa Kizungu, ndiyo maana shule ya kimataifa ikamkatizia mafunzo ya ualimu. Siwema hakumgusa. Mtoto alijikwaa, akajigonga kwenye meza, akaangua kilio katikati ya somo la mwisho la majaribio la Siwema. Akifaulu hilo, ni mwalimu kamili, basi tena uanti, kazi ya kulea na kuwafuta watoto kamasi. Alimkimbilia na pole mdomoni, akakumbuka Kiswahili ni marufuku darasani, akaigeuza Kiingereza palepale.

"Sori, baba! Sori sana!"

Madamu msimamizi wa majaribio, Mzungu aliyeingia nchini juzijuzi, akainua macho. "Mbona unamwomba msamaha? Umemfanya nini?"

Kiingereza chote kikamkauka Siwema. Akamgeukia Hezroni, mwalimu wa darasa, aliyeona kila kitu kutoka mlangoni.

"Kaka Hezroni, mwambie basi. Mwambie kwetu hata asiyekukosea anakupa pole. Kaka, si ulikuwepo?"

Hezroni alichukua dasta, akaanza kufuta ubao, akianzia juu kabisa, pale Siwema alipoandika jina lake.