Nje ya Mabati

Siwema alikuta uwanja umezungushiwa mabati, na mlinzi amekaa mlangoni anakula chipsi.

"Pamefungwa, binti. Halmashauri wameshauza. Wanajenga maghala."

"Muuguzi kaniambia nikimbie kila jioni, babu. Sukari imeanza kunipanda, na bado niko kidato cha pili."

"Kimbia barabarani."

"Na malori yale?"

"Basi punguza kula."

Siwema alitazama vibanda vya ng'ambo: chipsi, maandazi, soda. Genge la mboga mgambo walishalivunja.

"Nianze kupunguza kipi?"

Mlinzi akamsogezea sahani yake.

Siwema akaiacha, akakaza kanga kiunoni, akaanza kukimbia kando ya uzio huku akiyapiga mabati kwa kiganja. Ndani, kwenye uwanja mtupu, mbwa wa ulinzi wakakimbia sambamba naye.